Mama Akifumba Macho

Tangu nirudi Mtito Andei, hakuna anayeingia dukani kutafuta plagi bila kutafuta habari kwanza. Ulikuwa wapi wiki nzima? Ni kweli ulionekana kanisani, wewe Mutiso? Na hiyo trei ya mayai kila Jumamosi ni ya nini? Nimechoka kurudia. Naandika mara moja, naituma kwenye kundi letu, na atakayeniuliza tena atafute fani belti kwingine.

Nawaonya mapema kwamba nina hasira. Msiniambie hasira hasara. Hasara nimeiona kwa macho, na haikuletwa na mtu mwenye hasira. Ililetwa na watu wapole waliokuwa wakitabasamu.

Ikutha

Mwende, dada yangu mdogo, ndiye anayeishi na mama kule nyumbani Ikutha. Jumatatu asubuhi alinipigia simu.

"Kaka, mama amekanyaga kaa la moto."

"Ameungua sana?"

"Ameungua, lakini si hiyo nakupigia. Yeye hakujua. Mimi ndio nilisikia harufu, kuangalia naona mguu unatoa moshi na yeye anakoroga uji."

Nilifunga duka, nikawasha pikapu, nikapita Kibwezi bila kusimama. Adhuhuri nilimkuta mama ameketi mlangoni mwa jiko, mguu umefungwa kitambaa, anachagua pojo kwenye ungo. Akaanza kuniuliza habari za biashara. Mama yangu ukimkuta anazama mtoni atakuuliza kwanza kama umekula.

Nilikifungua kile kitambaa. Sitawaeleza kidole kilivyokuwa. Nikamwambia atazame kule kwa mbuzi, halafu nikamuuliza kama anasikia nikimgusa mguu.

"Nasikia," akasema.

"Na hapa?"

"Hapo pia nasikia, Mutiso. Niko sawa."

Nilikuwa sijamgusa popote. Mikono yangu ilikuwa imekaa juu ya magoti yangu mwenyewe.

Mama ana sukari ya miaka mingi, na anameza vidonge vyake asubuhi na jioni bila kukosa. Ganzi ilipoanza, zahanati ilimwambia ni sukari. Alipoanza kutembea ametanua miguu, akikanyaga kwa kishindo, majirani wakasema ni sukari na uzee. Ulimi ukawa mwekundu na laini, chai ikawa inamchoma, akaacha kunywa chai ya moto. Akaanza kusahau majina ya wajukuu. Kila jambo lilipata jibu, na jibu lilikuwa lile lile, na hakuna aliyejisumbua kuuliza swali la pili.

"Na kanisani anaanguka," Mwende akasema.

"Anaanguka vipi?"

"Wakisimama kuomba. Akifumba macho tu, huyo chini."

Kanisa letu ni la mabati, la watu wanaoomba wakiwa wamesimama, mikono juu, macho yamefumbwa. Huko mtu akianguka wakati wa maombi haitwi mgonjwa. Ni Roho amemshukia. Nyuma ya mama husimama wanawake wawili wa kumdaka, na wa tatu ameshika leso ya kumfunika miguu akishalala. Mwaka mzima mama yangu alianguka kila Jumapili, na kila Jumapili Pasta Musembi alinyoosha kidole pale alipolala akawaambia waumini watazame unyenyekevu. Wakampa jina, Mama wa Upako. Watu wa makanisa mengine wakaanza kuja kumwona akianguka.

"Kwani wewe hutaki mama yako awe na upako?" mama akaniuliza. Hakuwa akitania. Alikuwa na fahari usoni ambayo sijaiona tangu baba alipokuwa hai.

Hapa lazima niseme neno kuhusu baba. Alipokufa, miaka sita iliyopita, pasta huyo huyo alisimama kando ya jeneza akasema mzee angepona kama imani yake ingekuwa kubwa. Nilisimama nikamjibu mbele ya wote, nikasema sitaingia tena kanisani kwake. Sikuingia. Kwa hiyo nilipotangaza kwamba kesho tunaenda hospitali, mama aliona ni ule ugomvi wa zamani unaendelea.

Jioni Mwende alinichinjia kuku. Mama aliniwekea firigisi kwenye sahani kwa mkono wake mwenyewe, kisha akala muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na mchicha pembeni. Niliona hakugusa nyama. Nikadhani ni meno. Nikalamba vidole nikaenda kulala, na hilo bado sijajisamehe.

Kibwezi

Tulimwacha Mwende na mbuzi, tukaondoka asubuhi. Njiani mama alinitajia kila boma na aliyefiwa humo. Tulipovuka Mto Athi alifumba macho kushukuru, na ingawa alikuwa ameketi, aliegemea mlango kwa nguvu hata nikapunguza mwendo. Niliangalia kama mlango umefungwa vizuri. Zaidi ya hapo sikufikiri kitu.

Kliniki niliyochagua Kibwezi sitaitaja jina. Tuliketi kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa nane. Nilimnunulia mama mandazi na chai ya maziwa, akavisukuma kando taratibu, akatoa kiazi kitamu kwenye mfuko wake. Mwanamke aliyekaa karibu nasi akasema, "Huyu mama ana adabu, anakula chake." Mama akafurahi.

Zamu yetu ilipofika, kijana wa koti jeupe alikuwa akiandika kitu kwenye simu.

"Mama ana sukari?"

"Ndiyo," nikasema.

"Basi hiyo ni mishipa ya sukari. Hata nyinyi mlikuwa mnajua. Mama, utazoea. Nitakuandikia ya maumivu."

"Hana maumivu," nikasema. "Hiyo ndiyo shida. Ameungua na hakusikia. Hutamwambia avue kiatu?"

"Mzee, angalia laini iko nje."

Nilimwambia maneno. Sikumtukana, lakini nilisema kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia kwamba hata kondakta humwangalia abiria. Yule kijana akaita mgonjwa mwingine. Na mama yangu, aliyeungua kidole, akasimama kwa kuyumba, akaushika mkono wa yule kijana na kumwomba msamaha kwa niaba yangu.

"Hakulelewa hivi," akamwambia.

Nilitoka nje nikalipiga teke tairi la pikapu yangu mwenyewe, na mimi nilisikia.

Usiku tulilala Kibwezi. Mwende akapiga simu kusema rafiki yake muuza nyanya alipata kutibiwa miguu mjini Wote, na kwamba kuna mama mmoja kule, tabibu wa miaka mingi, anayemwangalia mgonjwa kuanzia unywele hadi ukucha. Mama akasema arudishwe nyumbani, Jumapili inakaribia. Nikamwambia Jumapili itamkuta.

Kiboko

Mganga hajigangi. Mimi ninayewauzia nyote spea, pikapu yangu ilikufa Kiboko siku ya Jumatano, saa nne ya jua kali, pampu ya maji imepasuka. Fundi aliinama ndani ya boneti akajifuta mikono.

"Pampu ya hii gari haiko hapa," akasema. "Inapatikana Mtito, kwa jamaa anaitwa Mutiso. Lakini nimepiga simu, nasikia amefunga duka tangu Jumatatu. Watu wengine hawajui kazi."

Mama alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi sikucheka, ingawa sasa naona angalau kuna mtu aliyefaidika na siku hiyo.

Kando ya barabara kulikuwa na lori la mbuzi, limesimama. Mwenyewe, Abdi, mfanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini mashariki, alikuwa amemshusha mbuzi mmoja na kumlaza kivulini. Alikuwa akienda soko la Emali. Nilimwomba lifti, akakubali bila kuuliza maswali, ila tumsubiri amhudumie mnyama. Alitoa jiwe la chumvi kwenye gunia akamwekea mbuzi mdomoni.

"Anaumwa nini?" nikauliza.

"Miguu imelegea. Mahali alitoka walimnyima chumvi." Akambinya tumbo. "Ona, nyasi imejaa. Huyu hana njaa. Kuna kitu kidogo tu inakosekana, na bila hiyo, nyasi yote ni bure."

Nilimtazama yule mbuzi, nikamtazama mama, aliyekuwa ameketi juu ya jiwe na miguu imetanuka. Nikaona aibu kumlinganisha mama na mbuzi.

Abdi akaleta maziwa ya ngamia kwenye chupa ya chai, akammiminia mama wa kwanza, kwa heshima, mikono miwili. Mama akafunika kikombe kwa kiganja chake. Abdi akabaki ameshika chupa.

"Mama, maziwa safi hii. Ama unaogopa mkono yangu?"

"Hapana, mwanangu. Mungu akubariki."

"Basi onja kidogo."

"Siwezi."

Niliona uso wa Abdi ukijifunga. Alifikiri ni kwa sababu yeye ni Mwislamu, na mimi pia kwa kitambo nilifikiri hivyo, nikataka ardhi inimeze. Nikamwambia mama kwa Kikamba kwamba huyu mtu anatubeba bure na asimdharau. Ndipo mama akasema, polepole, akimtazama Abdi na si mimi:

"Nina nadhiri. Sionji kitu cha mnyama. Nyama, maziwa, mayai. Hata ya nyumbani kwangu sionji."

Uso wa Abdi ukafunguka mara moja. Nadhiri anaijua. Akakinywa kile kikombe mwenyewe, akampa mama maji na tende.

"Nadhiri ya nini, mama?"

"Ya Mungu."

"Kwetu ukishindwa, unalisha maskini kumi, inakwisha."

"Mimi sijashindwa," mama akasema, akala tende.

Ndani ya lori nilimuuliza tangu lini. Akasema nadhiri haisemwi. Mpaka Emali hakuna aliyeongea isipokuwa mbuzi.

Wote

Emali tulipanda teksi, tukafika Wote jioni. Alhamisi asubuhi tulikuwa wa kwanza mlangoni kwa yule tabibu. Anaitwa Bi. Ndinda, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Mama, vua viatu." Ningeweza kulia.

Aligonga chuma kidogo chenye ncha mbili, kikawa kinatetemeka, akakiweka juu ya kidole cha mama. Mama akasema ni chuma baridi. Akakiweka kwenye goti. Hapo ndipo mama alishtuka kwamba kinatetemeka. Akamwambia atoe ulimi, akautazama muda mrefu. Kisha akamsimamisha katikati ya chumba.

"Weka miguu pamoja. Sasa, mama, fumba macho."

Mama alinigeukia akatabasamu. "Sasa utaona," akaniambia. Akainua mikono yake juu, kama kanisani, akafumba macho.

Alianguka kama mara zote. Bi. Ndinda alikuwa amejitayarisha, akamdaka kifuani, na mama akasema akiwa bado mikononi mwake, kwa furaha, "Umeona? Hata hapa amenifuata."

Bi. Ndinda hakucheka. Alimsimamisha tena, akamwambia afumbue macho. Mama akasimama vizuri.

"Mama, miguu yako haijui iko wapi. Macho ndiyo yanakushikilia. Ukiyafumba, hakuna kitu kinakushikilia."

Mama alifikiri. "Kwa hiyo si Roho."

"Mimi napima miguu tu, mama."

Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa hamu, siku ambayo mtu mwenye elimu angeniambia pasta ni mwongo. Ilipofika nilimwona mama anakaa kitini na kuvuta leso yake mabegani, amekuwa mdogo, na sikufurahi hata kidogo.

"Sasa niambie unakula nini," Bi. Ndinda akasema. "Nyama? Maziwa? Mayai?"

"Sili."

"Tangu lini?"

"Tangu tumzike baba yake huyu."

Miaka sita. Bi. Ndinda aliweka kalamu chini. Akatueleza kwamba kuna vitamini inayoitwa B12, inayolinda mishipa ya fahamu na kutengeneza damu, na inatoka kwa wanyama. Mwili huiweka akiba ya miaka, ndiyo sababu mtu hajui inapoisha. Vidonge vya sukari ni vizuri na asiviache, lakini vikitumiwa muda mrefu huuzuia mwili kuichukua vitamini hiyo. "Mlango mmoja ulikuwa umefungwa nusu," akasema. "Wewe ukafunga ule mwingine kabisa." Akamtoa damu ipelekwe Nairobi kupimwa, lakini akasema hangoji hayo majibu kwa sababu mishipa haingoji. Atadungwa siku moja na kuruka moja kwa wiki mbili, kisha kila baada ya miezi michache.

"Nitapona?" mama akauliza.

"Kuna kitakachorudi. Kingine umechelewa nacho, sitakudanganya. Ungekuja mwaka jana ingekuwa rahisi."

Mwaka jana watu walikuwa wakisafiri kuja kumwona akianguka.

Bi. Ndinda alikuwa ameshavuta dawa, nyekundu, kwenye sindano. Mama akamzuia mkono.

"Hiyo inatoka kwa mnyama?"

"Hapana. Inatengenezwa kiwandani, na vijidudu."

"Vijidudu vina damu?"

"Havina."

"Basi nidunge."

Akamdunga. Kisha akamwambia lazima ale pia, angalau yai, angalau maziwa, kwa sababu sindano zahanati hukosekana na siku hiyo chakula ndicho kitakuwa akiba yake. Mama akatikisa kichwa. Nadhiri haijatimia.

"Nadhiri gani hiyo?" nikasema, na safari hii nilipaza sauti. "Ni kanisa lijengwe? Ni gari la pasta? Sema, mama. Huyu mtu amekula miguu yako, na wewe unamlinda."

Mama alinitazama. Nilimwona akiamua.

"Nilimwambia Mungu sitaonja kitu cha mnyama mpaka mwanangu arudi nyumbani Kwake, kanisani."

"Mwanao yupi?" Bi. Ndinda akauliza.

Mama ana mwana mmoja. Alininyooshea kidevu.

Nilitoka nje. Nilisimama kando ya ukuta nikiwa na hasira na pasta, na Mungu, na kijana wa Kibwezi, na mama aliyekaa miaka sita akiniwekea firigisi kwenye sahani bila kusema neno. Ningeuliza mara moja tu kwa nini hali nyama, angeniambia, au angenidanganya vibaya na ningejua. Sikuuliza. Nilidhani ni meno.

Jumapili, Ikutha

Jumamosi alidungwa ya pili, tukachukua pikapu Kiboko, tukarudi. Nilipita dukani kwangu kuchukua pampu nimpelekee fundi? La, alikuwa ameipata Makindu, na alinieleza tena habari za Mutiso asiyejua kazi.

Jumapili niliingia kanisani. Andikeni hivyo. Niliingia na viatu vya dukani, nikaketi karibu na mama, na Pasta Musembi alinyoosha mikono akasema mwana mpotevu amerudi. Watu wakapiga makofi. Niliuma meno.

Wakati wa maombi alimwita mbele Mama wa Upako. Nilienda naye, nikasimama nyuma yake, mahali pa wale wanawake wa kudaka. Wakanitazama, wakasogea. Yule wa leso akabaki na leso yake.

"Tufumbe macho," pasta akasema.

Kanisa zima likafumba. Mimi sikufumba. Na mama, kwa mara ya kwanza maishani mwake ndani ya jengo lile, hakufumba. Aliinua uso akatazama mabati.

Pasta akakaribia, akanong'ona, "Mama, fumba macho."

"Daktari amekataa," mama akasema, na kwa kuwa wengine walikuwa kimya, wote wakasikia. "Mungu ananijua hata nikimtazama."

Pasta aliweka kiganja kwenye paji la uso wa mama na kumsukuma kidogo, kama ilivyo desturi. Mama aliyumba. Niliweka mkono wangu mgongoni kwake, nikamtazama pasta machoni, na nikaona kwamba sihitaji kusema lolote. Akaondoa kiganja. Maombi yakaendelea mpaka mwisho na mama amesimama. Hakuna aliyepiga makofi kwa hilo.

Nje, Mwende alikuwa na yai la kuchemsha ndani ya leso. Mama alikaa kwenye ukingo wa tangi la maji, akalimenya mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa havisikii ganda, kwa hiyo ilichukua muda, na nilipotaka kusaidia alinipiga kofi mkononi. Wanawake wa kanisa walisimama wakitazama. Alilikata katikati kwa kidole gumba, akala nusu moja, akifumba macho kwa sababu alikuwa ameketi. Sijawahi kumwona mtu akila yai namna ile.

Nusu nyingine akaifunga kwenye leso.

"Mama, maliza," nikasema. "Nimerudi. Nadhiri imekwisha."

"Umerudi leo," akasema. "Hii ni ya Jumapili ijayo."

"Litaoza."

"Basi utakuja na lingine."